Akili ya Mgonjwa na Mizani ya Mgeni



Mtu aliyevunjika mguu akifika hospitali hupigwa picha ya eksirei, na mfupa uliovunjika huonekana. Mwenye homa hutobolewa kidole, tone la damu likatazamwa kwa darubini, na vijidudu vya malaria, kama vimo, hubainika. Aliyeletwa kwa sababu ya akili hana picha wala tone la damu liwezalo kumsemea. Hata leo, pamoja na maendeleo yote ya sayansi, hakuna kipimo cha maabara kinachothibitisha kwamba fulani ana skizofrenia au kwamba mwingine ameshikwa na sonona. Vipimo vya maabara hufanywa, na hapana budi vifanywe, lakini kazi yake ni kutafuta maradhi mengine ya mwili yanayoweza kuivuruga akili. Akili yenyewe huchunguzwa kwa macho, kwa masikio na kwa mazungumzo.

Hayo mazungumzo ndiyo kiini cha suala hili. Kama chombo cha uchunguzi ni lugha, basi kasoro yoyote ya kuelewana baina ya tabibu na mgonjwa ni kasoro ya chombo chenyewe, sawasawa na ufa katika kioo cha darubini. Tabibu asiyeijua lugha ya mgonjwa wake, wala adabu yake, wala maisha yake ya kila siku, anaweza kuupima umbali uliopo baina yao wawili, kisha akauita umbali huo ugonjwa. Hili si jambo la kubuni. Limetendeka katika Afrika, likaandikwa vitabuni na kupewa heshima ya sayansi. Tena laweza kutendeka leo asubuhi katika zahanati yoyote, bila Mzungu hata mmoja kuwapo.

Yafaa kwanza ieleweke uchunguzi huu ni kitu gani, maana watu wengi hudhani ni mtihani wa kumkamata mtu. Hospitalini hufuatwa njia inayofanana karibu dunia nzima. Tabibu hutazama sura ya mgonjwa, mavazi na mwenendo wake. Husikiliza usemi wake: unakwenda mbio, unajikokota, au umekatika kabisa? Huuliza na kutazama hali ya moyo wake. Hufuata mwendo wa fikira zake, kama zinashikana au zinarukaruka; kisha yaliyomo ndani ya fikira hizo, yaani hofu, shaka na imani zake. Huuliza kama mgonjwa husikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavisikii wala kuviona. Hupima fahamu, usikivu na kumbukumbu. Mwisho hutaka kujua mgonjwa mwenyewe anaielewaje hali iliyompata.

Mwaka 1913 daktari wa Kijerumani, Karl Jaspers, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 30 tu, alitoa kitabu kikubwa juu ya elimu ya maradhi ya akili. Alisisitiza kwamba kabla ya kutoa jina la ugonjwa, tabibu aeleze kwa uaminifu yale anayoyapitia mgonjwa mwenyewe, bila kuharakia kuyafasiri. Alitenganisha pia umbo la fikira na yaliyomo ndani yake. Mgonjwa wa zama za telegrafu aliweza kulalamika kwamba anaingiliwa kwa nyaya za umeme; wa leo hulalamikia simu ya mkononi; mwingine husema ni jini aliyetumwa. Yaliyomo hubadilika kwa zama na kwa nchi. Umbo ni lile lile: mtu anaona kwamba fikira zake si mali yake tena, ameziingiza mtu mwingine. Anayeshughulika na yaliyomo peke yake atabishana na mgonjwa juu ya majini mpaka jua litue, na ugonjwa hatauona.

Lipo swali moja linalotangulia maswali yote, nalo ni hili: je, fahamu za mgonjwa ni timamu? Mtu aliyekuwa mzima juzi, na leo haijui siku, hawatambui wanawe, anapapasa hewani kama anayekamata nzi, mchana anatulia na usiku anachachamaa, huyo anaweweseka. Kuweweseka huko ni dalili kwamba mwili umepatwa na jambo la hatari. Yaweza kuwa malaria iliyopanda ubongoni, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka kwa mgonjwa wa kisukari, au dawa zilizozidi. Yaweza kuwa pombe iliyoachwa ghafla na mtu aliyeizoea kwa miaka; huyo hutetemeka siku ya pili au ya tatu na kuona wadudu ukutani. Kwa mzee yaweza kuwa uambukizo wa njia ya mkojo tu, bila dalili nyingine kubwa. Kumfunga kamba mtu wa namna hii na kumzungusha kwa waganga, au hata kumpakia ndani ya basi kumpeleka hospitali ya magonjwa ya akili iliyo mbali huku ameungua kwa homa, ni kumpotezea saa ambazo zingemwokoa.

Njia ya kupima usikivu wake ni nyepesi mno, na mwalimu yeyote aweza kuifahamu. Mgonjwa huombwa azitaje siku za juma kwa kurudi nyuma: Ijumaa, Alhamisi, Jumatano, na kuendelea. Mtu ambaye hakusoma hata darasa moja huweza kufanya hivyo. Mwenye fahamu zilizofifia hupotea baada ya siku mbili, au huanza kwenda mbele. Si kipimo kamili, lakini kimewashtua matabibu wengi waliokwisha kuandika neno "kichaa" katika cheti.

Sasa itazamwe adabu, maana hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Katika Kiswahili salamu hujibiwa kwa heri kwanza. Mtu huulizwa habari za nyumbani, akajibu "nzuri", kisha ndipo akasema, "ila mtoto wetu mdogo tumemzika juzi." Kwa msemaji wa Kiswahili hakuna ajabu yoyote hapo. Kwa tabibu mgeni aliyefunzwa kutazama kama hisia za mgonjwa zinalingana na maneno yake, mtu huyu amesema habari ni nzuri na papo hapo ametaja kifo cha mwanawe. Kalamu itaandika kwamba hisia zake zimeachana na fikira zake. Vivyo hivyo kijana anayeinamisha macho mbele ya mkubwa wake ataandikwa kuwa anakwepa kutazamana. Mzee anayeanza na habari za mvua, za shamba na za mjomba wake kabla ya kulifikia tumbo linalomuuma, kwa kuwa hivyo ndivyo watu wazima wanavyozungumza, ataandikwa kwamba fikira zake zinazunguka bila kufika. Akiulizwa saa, naye akijibu ni saa tatu asubuhi, mkalimani mvivu ataitafsiri hiyo tatu kama ilivyo, na mgonjwa ataonekana hajui usiku na mchana.

Hali ya moyo nayo ina lugha yake. Ni watu wachache watakaojibu "ndiyo" wakiulizwa na mtu wasiyemjua, "Je, una huzuni?" Watasema mwili umechoka, kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, usingizi umekata, chakula hakina ladha. Au watasema tu, "Nina mawazo." Neno hilo mawazo, ambalo kwa mgeni ni fikira za kawaida, kwa mwenyeji laweza kubeba mzigo mzima wa sonona. Huko Zimbabwe Washona wanalo neno linalokaribiana nalo, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Katika miaka ya 1990 Daktari Vikram Patel na wenzake walikusanya maneno ya namna hiyo kutoka kwa wagonjwa wenyewe, wakatengeneza orodha ya maswali 14 kwa Kishona. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianzisha huko Mbare, Harare, mpango wa kuwafunza bibi wazee kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wakiwauliza maswali hayo na kuwasaidia kutafuta njia ya kuyakabili matatizo yao. Matokeo ya utafiti wa kisayansi juu ya kazi ya akina bibi hao, uliowahusisha wagonjwa 573, yalitolewa mwaka 2016, na yalionyesha kwamba waliohudumiwa benchini walipata nafuu kuwazidi wale waliopata huduma ya kawaida. Hakuna miujiza katika jambo hilo. Waliulizwa kwa lugha yao na watu wanaoijua taabu yao.

Pasipokuwa na hayo, hutokea yaliyotokea Mathari. Daktari J. C. Carothers, mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Kenya, aliiongoza hospitali hiyo ya magonjwa ya akili ya Nairobi tangu mwaka 1938 hadi 1950. Alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1951 aliandika katika jarida la madaktari la Uingereza akimlinganisha Mwafrika wa kawaida, mzima, na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika uzima na maradhi. Mwaka 1954 akatoa, kwa ajili ya serikali hiyo ya kikoloni, kijitabu juu ya Mau Mau, ambacho kiliutafuta mzizi wa vita hivyo ndani ya nafsi ya Mkikuyu kuliko kuutafuta katika ardhi iliyonyang'anywa. Kabla yake, mwaka 1851, daktari mmoja wa Louisiana huko Marekani, Samuel Cartwright, alikuwa ametangaza ugonjwa mpya wa akili alioupa jina la drapetomania. Dalili yake kuu ilikuwa mtumwa kumtoroka bwana wake.

Madai mengine ya Carothers yalikuwa kwamba sonona ni haba sana kwa Waafrika. Aliwahesabu waliokuwamo katika wodi zake na kuwakuta wachache. Lakini ni nani aliyefikishwa Mathari? Ni yule aliyevunja milango, aliyetembea uchi barabarani, aliyemtisha karani. Yaani yule aliyewasumbua wakubwa. Mama aliyekaa kimya nyuma ya nyumba, asiyekula wala kusema, hakumsumbua askari yeyote, na kwa hiyo hakuandikishwa. Margaret Field, Mwingereza aliyejifunza elimu ya jamii na pia udaktari, alikwenda kuwatafuta watu wa namna hiyo mahali walipokuwa, katika vijiji vya Ashanti huko Ghana, kwenye maziara ya waganga. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1960 alieleza jinsi wanawake wengi walivyofika hapo wakijishtaki wenyewe kwamba ni wachawi, kwamba wameua watoto wao wenyewe kwa uchawi, kwamba hawastahili kuishi. Hiyo ilikuwa sonona nzito, na ilikuwa tele. Haikuonekana kwa sababu ilikuwa ikisema lugha nyingine, na ilikuwa ikipiga hodi katika mlango mwingine.

Frantz Fanon aliuona mkasa huo kwa upande wa pili, na habari yake inafundisha zaidi kwa sababu yeye alikuwa mpinzani wa ukoloni. Alipofika hospitali ya Blida-Joinville huko Algeria mwaka 1953, alianzisha katika wodi ya wanawake wa Kizungu mikutano, sherehe, gazeti na sinema, na wagonjwa wakachangamka. Alipoyapeleka mambo hayo hayo katika wodi ya wanaume Waislamu, yalikufa. Mwaka 1954 yeye na mwenzake Jacques Azoulay waliandika kwa uwazi kwamba kasoro haikuwa ya wagonjwa; ni wao madaktari waliochukua desturi za Ulaya wakazitwika watu wengine. Wakafungua mkahawa wa kienyeji, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamwita mpiga hadithi, na hapo wagonjwa wakaanza kushiriki. Mwaka 1956 Fanon na Charles Geronimi waliandika juu ya kipimo kingine, cha kumwonyesha mgonjwa picha na kumtaka atunge hadithi juu yake. Wanawake wa Algeria walioonyeshwa picha hizo, zilizojaa watu, nyumba na vitu vya Kizungu, walikwama. Walipopewa kadi tupu isiyo na picha yoyote, walisimulia kwa ufasaha.

Haifai hata hivyo kudhani kwamba ni suala la rangi peke yake. Katika miaka ya 1960 wagonjwa waliolazwa hospitalini mjini New York walipewa jina la skizofrenia mara nyingi sana kuliko wenzao wa London. Baadhi ya watu walidhani kwamba Wamarekani wanaugua zaidi. Kundi la madaktari wa nchi zote mbili likawachunguza wagonjwa wa miji hiyo miwili kwa maswali ya aina moja, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 tofauti kubwa ilikuwa karibu imeyeyuka. Tofauti ilikuwa ya madaktari. Ikiwa watu wa lugha moja, wenye elimu inayolingana, waliweza kupishana kiasi hicho, ni vigumu kusema kwamba msomi wa Kiafrika aliyehitimu jana, anayemwuliza mkulima kwa Kiingereza kilichovishwa viambishi vya Kiswahili, amesalimika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kipimo cha kumbukumbu kilichotungwa Marekani mwaka 1975 na Marshal Folstein, Susan Folstein na Paul McHugh, ambacho kimetumika duniani kote. Jumla yake ni alama 30, na desturi imekuwa kwamba anayepata chini ya 24 anashukiwa kuwa na upungufu wa akili. Sasa na achukuliwe bibi wa miaka 75, mwenye akili nyepesi, anayejua deni la kila mteja wa duka la mwanawe, lakini hakupelekwa shule. Ataambiwa atoe 7 katika 100, tena na tena, hadi mara tano: alama 5. Ataambiwa asome sentensi: alama 1. Aandike sentensi: alama 1. Anakili mchoro wa pembe tano mbili zilizopandana, naye hajawahi kushika kalamu: alama 1. Hata akipata kila kitu kingine kilichobaki, bibi huyu mzima kabisa amekwisha kushuka hadi 22. Na hicho kilichobaki nacho kina mitego. Ataulizwa majira ya mwaka kwa hesabu ya nchi zenye theluji, naye anajua masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Ataulizwa yuko ghorofa ya ngapi, katika zahanati isiyo na ghorofa. Kipimo hicho kinapima shule, kisha kinaandika cheti cha ugonjwa wa usahaulifu.

Kosa hili limeshughulikiwa, tena hapa hapa Tanzania. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na wa nje walitengeneza, katika miaka ya 2010, kipimo kifupi cha maswali 6 kwa ajili ya wazee wasiosoma. Mzee huombwa ataje wanyama wengi awezavyo katika dakika moja. Huulizwa daraja ni kitu gani, kiongozi wa mahali pake ni nani, na leo ni siku gani. Husomewa maneno 10 na baadaye kutakiwa ayakumbuke. Badala ya kalamu na mchoro, hupewa njiti za kiberiti azipange kwa kufuata mfano aliopangiwa. Njiti ya kiberiti kila mtu amewahi kuishika.

Ipo hatari iliyo kinyume cha hii, na haifai kufichwa kwa ajili ya kuisifu mila. Tabibu anayeogopa kuonekana anadharau desturi aweza kuuacha ugonjwa upite kwa kisingizio cha "hayo ndiyo mambo yao." Mtu anayesema jirani yake amemroga si mgonjwa kwa kusema hivyo peke yake, wengi wa kijijini kwake wanaamini vivyo hivyo, na huenda kuna mgogoro wa mpaka wa shamba nyuma yake. Lakini mtu huyo huyo akisema kwamba jirani anazungumza ndani ya jino lake usiku na mchana, kwamba mkono wake unainuliwa na jirani bila yeye kutaka, na kwamba mtangazaji wa redio anamtaja kila jioni, hapo hata waumini wakubwa wa uchawi katika ukoo wake watatikisa kichwa. Hao ndio wa kuulizwa. Mkewe, kaka yake, shehe wake au padre wake ndio wanaoijua mipaka ya imani yao, na ndio watakaosema, "Sisi pia tunaamini majini, lakini hili la mwenzetu limezidi." Hali kadhalika mjane anayesikia sauti ya marehemu mumewe ikimwita majuma machache baada ya mazishi hana haja ya kupewa dawa za wazimu; na kijana mwenye fahamu timamu ambaye kwa miezi anasikia sauti mbili zikijadiliana juu yake na kumtukana, ana haja kubwa.

Swali la mwisho la uchunguzi, lile la mgonjwa kuielewa hali yake, hutumiwa vibaya kuliko yote. Katika faili nyingi huandikwa kwa neno moja: anaelewa, au haelewi. Mara nyingi maana yake halisi ni kwamba amekubaliana na daktari, au amekataa. Mwaka 1990 Daktari Anthony David wa London aligawa suala hilo katika mambo matatu yanayoweza kuachana: kutambua kwamba kuna ugonjwa, kutambua kwamba yale anayoyasikia au kuyaamini si ya kawaida, na kuipokea tiba. Mgonjwa asemaye, "Nimerogwa, ndiyo, lakini tangu nianze kumeza vidonge sauti zimepungua, na nitaendelea kumeza," ametoa jibu lenye busara kubwa kwa maisha yake. Kumwandika kwamba haelewi lolote ni uvivu wa kalamu.

Wapo wanaoogopa kuuliza juu ya kujiua, wakidhani kwamba kuuliza ni kupanda mbegu. La hasha. Kuuliza kwa upole hakumtii mtu wazo hilo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Huanzwa kwa mbali: je, kuna siku ameona heri asingeamka? Je, amefikiria kuondoka duniani? Je, amekwisha kupanga? Swali hili lisiulizwe mbele ya shemeji, wakwe na watoto, kwani dini na aibu vitamfunga kinywa. Sheria nayo imewafunga wengi. Uingereza, iliyoacha katika makoloni yake sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua, yenyewe ililifuta kosa hilo mwaka 1961. Ghana ililifuta mwaka 2023. Pale ambapo mgonjwa anaogopa kwamba ukweli utampeleka kituo cha polisi, tabibu atapewa jibu la uongo, naye atalinakili kwa uaminifu kamili.

Ni kwa nini basi mambo haya yaelezwe kwa walimu na watumishi wa ofisini? Kwa sababu uchunguzi wa kwanza hufanywa na wao, wapende wasipende. Mwalimu aliyekuwa hodari anaanza kuchelewa, anaongea peke yake katika chumba cha walimu, madaftari hayasahihishwi kwa mwezi mzima. Mkuu wa shule anaandika katika jalada: "Mtoro, mlevi, hana nidhamu." Maneno hayo ni hukumu, hayana hata jambo moja lililoonekana kwa macho. Miezi sita baadaye jalada hilo huwa mbele ya kamati ya nidhamu, na mtu aliyekuwa mgonjwa hufukuzwa kazi kama mhalifu. Kwa upande mwingine, neno "kichaa" likiingia katika jalada haliondoki, hata mwenyewe apone na kufundisha miaka 20. Mahakamani uzito huongezeka, maana hakimu anaweza kuamuru mshtakiwa apelekwe katika hospitali ya magonjwa ya akili achunguzwe, na taarifa itakayotoka huko ina uwezo wa kuamua kama mtu huyo atajibu mashtaka au hatajibu.

Taarifa njema ya mwalimu au ofisa kwa tabibu haina haja ya jina la ugonjwa. Hali ilianza lini, ghafla au kidogo kidogo? Ana homa? Amelala saa ngapi katika siku tatu zilizopita? Anakula? Anakunywa pombe, na aliiacha lini? Anameza dawa gani, zikiwamo za miti shamba? Kichwa kiliumia? Amejifungua karibuni, kama ni mama? Amefiwa? Kisha maneno yake mwenyewe, matatu au manne, yaandikwe kama yalivyotoka kinywani, kwa lugha aliyoyasemea, iwe Kigogo, Kisukuma au Kiswahili, bila kusafishwa. Hapa ndipo wakalimani huharibu mambo kwa nia njema. Mgonjwa husema kwa dakika tano maneno yasiyoshikana, na mkalimani, kwa kuona haya, hutoa sentensi moja iliyonyooka: "Anasema hajisikii vizuri." Ugonjwa wote umebaki kwa mkalimani. Mkalimani wa kweli hutafsiri hata upuuzi, na pale asipoelewa husema kwamba maneno yenyewe hayashikani, bila kuyashonea maana.

Barua hiyo ifungwe ndani ya bahasha na apewe ndugu mtu mzima anayeijua lugha ya mgonjwa, aliyekuwapo nyumbani usiku ule hali ilipoanza. Mtoto wa shule asitumwe kuwa mkalimani wa mama yake, maana yapo mambo ambayo mama huyo hatayasema mbele ya mwanawe, na huenda ndiyo hayo hayo aliyoletwa hospitali kwa ajili yake.